Nyuki wa Bustanini na Haki ya Kuogopa

Ukisema mbele ya vijana kwamba unaogopa nyuki, wanacheka. Ukisema unawapenda nyuki, wanacheka pia, ila kicheko kingine. Ukisema yote mawili kwa pamoja wananyamaza na kukuangalia, wanadhani umechanganyikiwa. Mi nasema yote mawili. Na hapa nataka kuuliza maswali mawili tu. La kwanza: mtu anaweza kufurahia kitu anachokiogopa, bila kujidanganya? La pili ndilo zito: hofu yangu inanipa haki gani juu ya kile ninachokiogopa?

Maswali haya yametoka kwenye bustani. Naishi Malukhu, katika jiji la Mbale, mashariki ya Uganda, na kila Jumamosi nafanya kazi na vijana, wakimbizi na wenyeji pamoja. Mzee mmoja mwenye nyumba alituachia kiwanja nyuma ya vyumba vyake vya kupangisha, hatua ishirini kwa kumi na mbili hivi. Tumepanda sukuma wiki, vitunguu, maharage, nyanya, maboga na mstari mmoja wa alizeti. Pembeni kuna miti mitatu ya kahawa tuliyoikuta. Ukiinua kichwa unaona ukuta wa Wanale, na mvua ikishanyesha kuna maporomoko yanashuka pale kama uzi mweupe. Mizinga hatuna. Nyuki wanakuja wenyewe, hatujui wanatoka wapi, na jioni wanarudi kwao.

Nianze na furaha, maana habari zetu sisi wakimbizi kila mara huanza na shida.

Ua la boga hufunguka alfajiri, na ikikaribia saa sita mchana limeshajifunga. Kwa hiyo ukitaka kuona, lazima uamke. Nyuki anaingia kichwa mbele mpaka anapotea ndani, unabaki kuona ua linatikisika kidogo, halafu anatoka amejaa unga wa njano mgongoni na miguuni kama mtu aliyetoka kusagisha mahindi. Unga ule unaitwa chavua. Boga lina maua ya kiume na maua ya kike, na chavua yake ni nzito, inanata, upepo hauwezi kuibeba. Nyuki asipoivusha, kale kaboga kadogo kaliko chini ya ua la kike kanageuka njano, kanaoza, kanadondoka. Kahawa hii ya arabika, ambayo Wagisu wanailima kwenye miteremko ya mlima Elgon, inaweza kuzaa bila msaada, lakini nyuki wakiipitia inashika matunda zaidi. Nyanya nayo ina mambo yake: inampenda yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, kwa sababu yeye hulikumbatia ua na kulitetemesha mpaka chavua inamwagika.

Lakini furaha yenyewe haiishii kwenye hesabu ya maboga. Ni kukaa kwenye jiwe saa moja asubuhi na kumwangalia mdudu anayefanya kazi yake bila kukuuliza wewe ni nani na umetoka wapi. Sisi tunaishi kwa karatasi na foleni. Hata maji, hata dawa, kuna mahali jina lako liandikwe kwanza. Nyuki kwenye ua la alizeti ni moja ya vitu vichache ambavyo havihitaji kadi. Unaangalia tu, bure, mpaka utosheke.

Na jina lao ni letu sote. Sisi tuliotoka Kongo tunasema nyuki. Warundi na Wanyarwanda wanasema inzuki. Majirani wanaosema Luganda wanasema enjuki. Vijana walipogundua hilo walianza kuulizana majina ya vitu vingine, na Jumamosi ile kazi haikuendelea sana.

Sasa hofu. Siwapendi watu wanaosema "usiogope, hawana shida." Shida wanayo. Nyuki vibarua, ambao wote ni majike, wana mwiba wenye vijino kama ndoana. Akikuuma, mwiba unabaki kwenye ngozi yako pamoja na kifuko cha sumu, na kifuko kile kinaendelea kusukuma sumu hata yeye akiwa ameshaondoka. Ndiyo maana unatakiwa kuung'oa haraka, kwa kucha au kwa chochote. Cha muhimu ni kutochelewa. Tena palipoumwa panatoa harufu inayofanana na ndizi mbivu, na harufu ile inawaita wenzake. Yeye mwenyewe akishakuuma, anakufa.

Kwa watu wengi ni maumivu na uvimbe wa siku moja au mbili. Kwa wachache wenye mzio, mwiba mmoja unatosha kuua: uso na ulimi vinavimba, pumzi inabana, ngozi inatoka vipele mwili mzima, kichwa kinazunguka. Hapo hakuna kusubiri wala kupaka majani, ni hospitali mara moja. Na miiba mingi kwa wakati mmoja inaweza kumuua hata mtu asiye na mzio. Kwa hiyo kwetu, kijana akijiunga, anaulizwa kwanza kama amewahi kuumwa na ikawaje. Aliyewahi kubanwa pumzi hafanyi kazi kwenye maua. Anashika daftari ya mbegu, au anasimamia maji na zana, na kazi hiyo haina aibu yoyote.

Kwa hiyo anayeogopa nyuki ana akili timamu. Hofu yake inasema ukweli. Shida ya hofu ni kwamba mara nyingi inasema ukweli mmoja na kuficha mwingine.

Ukweli mwingine ni huu. Nyuki aliye kwenye ua hana cha kulinda pale. Nyumba yake iko mbali, watoto wako mbali, asali iko mbali. Ukimkanyaga au ukimfinya atakuuma, usipomgusa ana haraka zake. Lakini nyuki yule yule ukimkuta mlangoni kwa mzinga wake ni kiumbe mwingine kabisa, kwa sababu pale ana nyumba. Kumbe ukali wake unategemea mahali alipo na anacholinda. Mimi nilipoelewa hilo, hofu haikuondoka. Ilipata mipaka. Badala ya kuogopa nyuki wote mahali pote saa zote, nikawa najua wapi niogope sana, wapi kidogo, na wapi nikae kwenye jiwe langu.

Kuna msichana mmoja kwetu, ana miaka 15. Alipokuja mara ya kwanza hakuweza kukaribia maboga. Wenzake walianza kumtania. Nikamwuliza pembeni, akaniambia: "Kaka, si kuumwa. Ni ile sauti. Sauti inakujaga kwanza, halafu kitu kinafuata." Sikumwuliza ni kitu gani. Sisi tuliotoka kule tunajua kwamba kuna sauti nyingi zinazotangulia.

Nilimwambia achague mwenyewe mahali pa kusimama. Akachagua kwenye vitunguu, upande wa pili kabisa. Baada ya wiki kadhaa aliomba kalamu. Akaanza kuhesabu nyuki akiwa kule kule mbali: wangapi kwenye boga, wangapi kwenye alizeti, saa ngapi. Sasa hivi yeye ndiye anayetuambia kwamba asubuhi na mapema wanajaa kwenye boga, jua likipanda wanahamia kwenye alizeti, na wingu likifunika Wanale hawaji kabisa. Bado anaogopa, anasema hivyo mwenyewe. Bado ana mstari wake asiouvuka. Lakini ukimwona anavyoandika zile namba huwezi kuniambia kwamba hafurahi. Basi swali langu la kwanza yeye amelijibu kuliko mimi: inawezekana. Furaha haikumsubiri hofu iishe. Ilikuja ikakaa naye pamoja na hofu yake, kila mmoja kwenye kiti chake.

Hapa Bugisu watu wanajua mengi kuhusu ujasiri. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili kunakuwa na imbalu, tohara ya Wamasaba, na hufunguliwa mwezi wa nane pale Mutoto, karibu na mji. Kijana anasimama mbele ya umati, na hatakiwi kutikisika wala kupepesa jicho. Ninauheshimu sana ujasiri ule. Lakini naona una mambo mawili yanayousaidia: ni wa siku moja, na ukoo mzima uko nyuma yako unakuangalia. Ujasiri wa bustanini ni mwingine. Unarudi kila Jumamosi, hakuna ngoma, hakuna anayekuangalia, na kesho yake unaanza upya.

Tena una kitu ambacho imbalu haina. Bustanini kuna wakati wa kusimama na kuna wakati wa kukimbia. Nyuki mmoja akikuzungukia usoni, simama, usipige mikono, rudi taratibu. Lakini umegusa mzinga bila kujua na wametoka wengi, kukimbia ndiyo busara. Funika uso, kimbia moja kwa moja, ingia ndani ya nyumba, funga mlango. Usijitose mtoni, watakusubiri juu. Anayesimama pale ili aonekane mwanaume, huyo atazikwa na uanaume wake. Aristotle, yule Mgiriki wa kale, ambaye aliandika habari za nyuki pia, alifundisha kwamba jasiri huogopa yale yanayostahili kuogopwa, kwa namna inayofaa na kwa wakati unaofaa. Wahenga wetu walisema kwa kifupi zaidi: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Nalisema hili kwa sababu jina letu lenyewe, wakimbizi, limetoka kwenye kukimbia. Kuna vijana wanaolibeba jina hilo kama aibu, hasa wavulana. Wanaona kama baba zao walishindwa. Nilimsikia mama mmoja wa Fizi akimjibu mwanae: "Mi nilikimbiaka mara tatu, njo maana uko hapa unaniuliza." Mto Nabuyonga ulipofurika mwishoni mwa Julai 2022 na kuua watu hapa Mbale, sikusikia mtu akimcheka aliyekimbilia juu. Kukimbia kitu kinachoua ni kazi halali ya hofu. Hapo hofu imefanya kazi yake vizuri, inastahili shukrani.

Hata ndovu anajua. Huko Kenya, Lucy King na wenzake waliwachezea ndovu sauti ya nyuki waliochokozwa, na ndovu wakaondoka. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2007. Kutokana na hapo wakulima, kama wale wa Sagalla jirani na Tsavo, wamewekewa uzio wa mizinga: mizinga inaning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba, ndovu akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, ndovu anageuka. Mahindi yanapona, ndovu anapona kwa risasi na mikuki, mkulima anapata asali. Ninachokipenda hapo ni hiki: ndovu ana nguvu zote, lakini hofu yake inamwambia tu "pita kwingine." Haimwambii "maliza nyuki wote."

Hapo tumefika kwenye swali la pili.

Msimu uliopita, mwisho wa jua, kundi la nyuki lilitua kwenye tawi la mwembe uani kwetu. Lilikuwa kubwa kama ndoo, linaning'inia, linapumua. Ndani ya dakika chache ua ulijaa watu. Mama mmoja jirani, ambaye ana mtoto mchanga, alisema: "Leteni petroli, mchome hiyo kitu kabla watoto hawajatoka shule." Wengine wakaitikia. Vijana wangu wakanigeukia mimi.

Lazima niseme kwa haki: mama yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mtoto mgongoni. Mwenye mtoto mgongoni ana haki ya kuogopa kabla hajauliza maswali.

Lakini kundi lililotua kwenye tawi ni nyuki wasio na nyumba. Wametoka kwenye mzinga wa zamani pamoja na malkia, wamejaza matumbo asali ya safari, kila mmoja na kile alichoweza kubeba, na wanangoja wenzao wapelelezi walete habari za mahali pa kukaa. Hawana watoto wala akiba ya kulinda, na mara nyingi wakati huo ndio wanakuwa wapole kuliko wakati wowote. Mara nyingi wanaondoka baada ya saa chache au siku chache. Nyuki wanaoonekana wa kutisha kuliko wote, wamerundikana mahali ambapo hawakuwepo jana, ndio wasio na sababu ya kuuma. Sihitaji kumweleza msomaji wa jarida hili kwa nini hilo lilinigusa.

Tulizungumza. Nilimwambia mama: hofu yako ni sawa, tuambie unataka nini kifanyike ili wewe na mtoto mlale. Akasema anataka njia ya kwenda chooni isipite chini ya mwembe, na mtu wa kulinda watoto. Tukafunga kamba, tukafungua njia nyuma ya jiko, vijana wakapokezana zamu kuwazuia watoto wasirushe mawe. Tukakubaliana pia kwamba wakiingia kwenye dari ya nyumba tutamtafuta mfuga nyuki awatoe usiku, maana wakishajenga pale watakuwa na cha kulinda, na chini ya dari kuna mtoto amelala. Kesho yake kama saa nne asubuhi kundi lilinyanyuka lote, likazunguka juu ya mabati kwa kelele kubwa, likaelekea upande wa mlima. Mama alikuwa amesimama mlangoni kwake, amejifunika kitenge mpaka puani, anaangalia. Alisema, "Kumbe ni wazuri hivi." Hakutoka nje.

Kutoka hapo nimepata jibu langu. Hofu yangu ina haki ya kuchagua mimi nisimame wapi. Ina haki ya kuomba kamba, njia nyingine, mlango uliofungwa, na wengine wana wajibu wa kunisikiliza bila kunicheka. Haina haki, yenyewe peke yake, ya kuamua kwamba kile ninachokiogopa kisiwepo. Ili kufika hapo inahitaji kitu zaidi ya hofu: inahitaji kujua.

Kuna watakaosema, kijana, nyuki si mtu, unatumia maneno makubwa kwa wadudu. Kweli, nyuki si mtu. Angekuwa hatari kwa yule mtoto na hakuna njia nyingine, ningeshika petroli mwenyewe. Lakini vijana waliokuwa uani ni watu, na siku ile walikuwa wanajifunza mtu aliyeogopa hufanya nini. Somo la petroli ni jepesi, na halibaki kwenye mwembe. Wengi wetu tumeshaona linavyoanza: watu wanapewa jina la kutisha, halafu kinachowapata kinaonekana halali.

Hata nyuki hawa wetu wana jina kama hilo. Mwaka 1956 mwanasayansi wa Brazil, Warwick Kerr, alipeleka kwao nyuki wa Afrika, wa kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, ili awachanganye na nyuki waliokuwa kule. Mwaka 1957 makundi 26 yaliponyoka, yakasambaa, na mwaka 1990 yalifika Texas, Marekani. Huko wakaitwa nyuki wauaji. Ni kweli watu walikufa, hilo tusilifiche. Lakini ni kweli pia kwamba wafugaji wa Brazil walijifunza tabia zao, wakavaa mavazi mazuri zaidi, wakaweka mizinga mbali na nyumba, na leo wanauza asali ya nyuki hao hao. Waliotishwa na jina tu hawakupata asali. Fuata nyuki ule asali, walisema wahenga, lakini nadhani kwenye kufuata kuna umbali wake, na kila mtu aupime mwenyewe.

Nina ombi kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa. Mkija kwa vijana wetu, msianze na "usiogope." Neno hilo linatufanya tufiche hofu, na hofu iliyofichwa hamtaiona mpaka siku imeshika petroli. Ulizeni: "Unaweza kusimama wapi?" Halafu mwacheni mtu asimame pale, hata kama ni kwenye vitunguu, na mpeni kalamu.

Na wewe uliye Nakivale, Kyangwali au kambi nyingine, kama una maboga mawili nyuma ya nyumba, amka mapema kesho uwaangalie. Ukipita Malukhu Jumamosi, karibu. Vaa nguo nyepesi ya rangi isiyokoza, usijipake manukato, na kama una mzio tuambie kwanza. Kisha simama pale unapoweza. Hakuna atakayekusukuma mbele.